Mlio Uliotangulia Simu

Wale waliokuwa wakihudhuria darsa za baada ya magharibi katika misikiti ya mwambao mwanzoni mwa miaka ya 2000, au waliokaa karibu na maspika katika arusi na maulidi ya wakati ule, bila shaka wanaukumbuka mlio mmoja ambao haukuwa sauti ya msomaji wala ya ala yoyote: mngurumo mkavu wa kukatika katika, trr-trr, trr-trr, kisha trrrr ndefu, uliozuka ndani ya spika pasipo kuitwa, ukaifunika aya au ubeti, na kabla watu hawajaulizana ni nini, simu ya mmoja wao ikalia mfukoni. Haukupita muda mrefu kila mtu akawa amekwisha kuuzoea, hata watoto wakisema "simu inakuja" kengele yake ingali kimya. Walakini kujua kwamba jambo fulani hutanguliwa na jambo jingine si sawa na kuijua sababu yake, na mimi ambaye riziki yangu imetoka katika milio ya namna hii tangu ujanani naona sababu hiyo, pamoja na adabu ya kuitafuta, vinastahili kuandikwa kwa utulivu.

Ufundi wa redio nilijifunzia mjini Tanga, katika chumba kimoja cha Ngamiani kilichokuwa na meza ndefu, pasi ya kulehemu, na rafu za redio za National na Philips zilizosubiri vifaa ambavyo aghalabu havikupatikana. Fundi aliyenipokea, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa maneno machache, na kanuni yake ya kwanza ilinitaabisha sana kwa kuwa mimi nilikuwa na shauku ya kushika bisibisi: redio iliyoletwa haikufunguliwa mpaka imesikilizwa. Aliiwasha, akafumba macho, akaizungusha sindano kutoka mwanzo wa masafa hadi mwisho, kisha akaniuliza nimesikia nini, na jibu la "inakwaruza" hakulikubali hata kidogo. "Inakwaruzaje, mwanangu?" Alitaka nimwambie kama mkwaruzo ule ulikuja kwa vipindi au mfululizo, kama ulizidi nilipogusa kitufe cha sauti, kama ulikuwepo kwenye stesheni zote au moja tu, na kama ulibaki pale redio ilipogeuzwa upande. Kwa njia hiyo, bila ya kitabu, nilijifunza kwamba kila kelele ina nasaba yake. Radi ya mbali hupasuka kwa mipasuko isiyo na mpangilio, na wakati wa vuli utaisikia redio ya masafa ya kati ikitangaza mvua iliyo bado nyuma ya milima ya Usambara. Pikipiki ikipita barabarani huleta milipuko midogo inayoongeza kasi kadiri dereva anavyokaza mafuta. Mashine yenye mota ya brashi huvuma kwa cheche za brashi zake. Na umeme wa nyumbani, unaokwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, huguna kwa sauti nzito isiyopanda wala kushuka, ambayo fundi akiisikia hujua mara moja kwamba kapasita kubwa ya kuchuja umeme imechoka.

Katika siku hizo alikuja bibi mmoja wa makamo makubwa, amejifunga kanga na redio yake ameipakata kwa heshima. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akamgeukia fundi na kusema maneno ambayo sijayasahau: "Fundi, redio hii mchana yangu, usiku ya watu." Alieleza kwamba mchana aliisikiliza idhaa yake vizuri, lakini baada ya isha waliingia watu wengine wakisema Kiarabu na lugha asizozijua, wakipishana juu ya mtangazaji wake kama vile wamo chumbani, na wajukuu wake walikuwa wamekwisha kumwambia kwamba hayo ni mambo ya majini, redio itolewe nje ya nyumba. Fundi hakucheka. Aliikubali habari ya bibi kuwa ni ushahidi kamili, akamwambia kuwa masikio yake hayakumdanganya, na kwamba watu aliowasikia wapo kweli, ila wako mbali. Kwa sababu juu ya ardhi yetu kuna tabaka la hewa ambalo mchana, kwa nguvu ya jua, huyameza mawimbi ya masafa ya kati, na jua likishatua tabaka hilo hutoweka, mawimbi yakapanda hadi tabaka la juu zaidi na kurudishwa chini mamia na hata maelfu ya maili kutoka yalikotoka, hivyo stesheni ya Bara Arabu au ya Bara Hindi ikaweza kutua juu ya stesheni ya jirani. Akamwonyesha jinsi ya kuigeuza redio taratibu, kwa kuwa ile fimbo nyeusi iliyozungushiwa waya ndani yake husikia zaidi upande mmoja kuliko mwingine, mpaka wageni wakafifia. Bibi hakutozwa kitu. Nilikuja kuona baadaye kwamba lau fundi angeifungua redio ile na kuanza kubadilisha vifaa, angetafuta ubovu mahali ambapo haukuwapo, na bibi angebaki na hofu yake.

Adabu hiyo ndiyo niliyoikumbuka miaka mingi baadaye nilipoitwa katika msikiti mmoja wa mji wetu kwa jambo lililokuwa limekwisha kuwa zito kuliko kelele yenyewe. Jamaa walikuwa wamechanga fedha, kijana mmoja akatumwa kununua amplifaya na maikrofoni, na tangu mitambo hiyo ifungwe darsa haikupita bila ya mngurumo ule. Baadhi ya wazee walianza kunong'ona kwamba kijana ameuziwa kitu cha bandia, na wengine, astaghfirullah, kwamba alikijua kuwa cha bandia akatia kibindoni iliyobaki. Nilipofika alikuwa amekaa pembeni, amejiinamia, na risiti yake mkononi. Maalim alinikaribisha, akasema kwa sauti ya chini, "Fundi, tutazamie mashine; lakini tutazamie na huyu mtoto."

Nilimwomba kila mtu anyamaze, nikaiwasha mitambo, nikakaa. Kulikuwa na uvumi mdogo wa kawaida na hakuna kingine. Nikamwambia kijana aishike simu yake asimame mlangoni, nami nikaipigia: spika haikusema neno. Akasogea safu ya nyuma, haikusema. Alipofika safu ya mbele, pale ambapo waya wa maikrofoni ulipita chini ya zulia kuelekea mihrabu, mngurumo ukaja wote, na simu yake ikalia baada yake. Nikaichomoa maikrofoni, nikauacha waya peke yake umeshikamana na amplifaya. Mngurumo ukabaki vile vile. Nikauchomoa waya pale kwenye amplifaya; kimya. Basi mashtaka yalikuwa yamekwisha kumwacha kijana na mashine yake, yakabaki kwa ule waya mrefu. Nilipokifungua kichwa chake nikaukuta ule wavu wa nyuzi za shaba unaouzunguka waya wa ndani, ambao kazi yake ni kuzuia mawimbi ya nje yasiufikie, haukulehemiwa popote. Mtu aliyeutengeneza aliupinda tu ukagusa chuma kwa bahati, na siku zilipopita ukaacha kugusa. Waya uliokusudiwa kulindwa ukawa antena nzuri ya mita nyingi, imelazwa chini ya magoti ya watu wenye simu mifukoni.

Nawaita wasomaji watulie kidogo hapa, maana kiini cha jambo hili ni kizuri na hakieleweki kwa haraka. Sikio la mwanadamu halisikii mtetemo unaozidi takriban 20,000 kwa sekunde, na simu za wakati ule zilitumia mawimbi yanayotetema mara milioni 900, au milioni 1,800, kwa sekunde. Kwa hesabu hiyo spika ingepasa kuwa kimya. Lakini mtindo wa GSM, ambao simu yake ya kwanza kwenye mtandao wa umma ilipigwa Ufini tarehe 1 Julai 1991, uliwawezesha watu wanane kutumia masafa mamoja kwa zamu, kama majirani wanane wanaopokezana ndoo moja kisimani: kila simu hupewa sehemu 577 hivi za milioni ya sekunde, hutuma kipande chake cha habari kwa nguvu, hunyamaza mpaka wenziwe saba wapite, kisha hurudi. Mzunguko mzima huchukua muda usiofika sehemu tano za elfu ya sekunde, maana yake simu moja hujiwasha na kujizima mara 217 kila sekunde. Huo ndio mtetemo tunaousikia, nao umo ndani kabisa ya eneo la sauti ya binadamu, karibu na mlio wa waya mnene wa fidla ukibanwa kidogo juu ya shingo yake.

Bado lakini pana swali la jinsi amplifaya, ambayo haikuundwa kuwa redio, inavyougeuza ule mpigo wa mawimbi kuwa sauti. Jibu lake ni la zamani kuliko simu. Mtaalamu wa Bengali, Jagadish Chandra Bose, alipewa hataza huko Marekani mwaka 1904 kwa kifaa kilichotumia kipande cha madini ya galena kuyatambua mawimbi, na redio za mwanzo zisizo na betri zilisikika kwa kifaa cha ukoo huo huo, kipande cha madini kinachoguswa na ncha ya waya, kwa sababu mgusano wa namna hiyo huupitisha umeme upande mmoja kwa wepesi kuliko upande wa pili, na kwa tofauti hiyo mawimbi huacha nyuma yake umbo la kupanda na kushuka kwa nguvu zake. Transista ya kwanza katika amplifaya ina mgusano wa namna hiyo hiyo ndani yake. Mawimbi makali yakiufikia, hufanya kazi ambayo hakuna aliyeitaka: huyachuja mawimbi, huuacha ule mpigo wa mara 217, na transista zinazofuata, kwa utiifu wao, huukuza mpaka ukaijaza spika.

Na kwa nini mlio hutangulia kengele? Kwa sababu simu hujibu kabla ya mwenyewe. Mnara unapoitafuta huiita kwa jina lake la siri. Simu hupaza sauti kuomba nafasi, kisha huzungumza na mnara kuhusu nani anapiga na njia ipi itumike, ikituma vipande vinne vinne na kunyamaza baina yao, na huo ndio mdundo wa trr-trr wa kukatika katika. Mapatano yakiisha ndipo kengele inapolia, na njia ya mazungumzo ikishafunguliwa vipande hutoka mfululizo na mngurumo ukawa mrefu. Ndiyo maana hata mtu aliyebipiwa tu, bila ya kupokea, aliuharibu ubeti wa mwimbaji. Na ndiyo maana mngurumo mfupi ulizuka wakati mwingine pasipo simu yoyote kulia, kwani simu kila baada ya muda huuarifu mtandao kwamba ingalipo. Katika msikiti ule palikuwa na jambo jingine la kuzidisha balaa: kuta nene za mawe ya matumbawe. Mnara huiagiza simu ipunguze nguvu ikiwa karibu na iongeze ikisikika kwa shida, na simu iliyofungiwa nyuma ya kuta kama hizo hulazimika kutumia nguvu zake zote, ambazo katika masafa ya milioni 900 zaweza kufika wati 2 kwa kila mpigo.

Dawa haikuwa ghali. Tuliuondoa waya, tukaweka ule wenye nyuzi mbili za ndani na wavu uliolehemiwa vyema ncha zote. Penye mlango wa amplifaya nikaongeza kapasita ndogo sana, ya kuyapitishia mawimbi ya simu ardhini huku ikiiacha sauti ya mtu. Na waya nikauzungusha ndani ya pete ya feraiti niliyoitoa katika kebo ya kioo cha kompyuta kilichokufa, lile donge gumu la plastiki ambalo wengi hudhani ni pambo. Mngurumo ukafifia hata usitambulike, isipokuwa simu ikiwekwa juu ya amplifaya yenyewe, jambo ambalo kwa muundo wa mashine ile halikuwa na tiba ila umbali; na umbali ni tiba kubwa, kwani ukiuongeza mara mbili nguvu inayokufikia hushuka hadi robo. Maalim alipomaliza kuusikiliza ukimya ule alimwita kijana mbele ya wazee, akamshika mkono, akaomba radhi kwa niaba ya wote. Siku hiyo nilipewa ujira, na nilioupenda zaidi ni kuiona ile risiti ikirudishwa mfukoni.

Tangu wakati huo watu wengi wameniletea simu zenyewe, si maspika, wakilalamika kwamba "spika inatoa sauti za ajabu", na nimeendelea kuuliza lile swali la Ngamiani, inatoaje. Ikiwa muziki uliohifadhiwa ndani ya simu hukwaruza sawasawa na mazungumzo, shida imo kwenye kispika chenyewe, na kwetu sisi wa pwani aghalabu ni mchanga, unyevu wa chumvi, au kiwambo kilichochanika kwa kuchezeshwa juu ya uwezo wake. Ikiwa muziki ni safi lakini mazungumzo hugeuka sauti ya bati, yakamezwa na kurudi, basi spika haina kosa: sauti ya msemaji husafiri katika vipande vya sehemu 20 za elfu ya sekunde, vingine vimepotea njiani, na simu imejaribu kuziba mapengo kwa kukisia. Ikiwa vifaa vya masikioni visivyo na waya hukatika mtu anapoitia simu mfuko wa nyuma, ni kwamba mawimbi ya Bluetooth, yanayotumia masafa ya karibu milioni 2,400 kwa sekunde, hayapendi kuupita mwili, ambao sehemu yake kubwa ni maji. Na masafa hayo hayo ndiyo ya Wi-Fi nyingi na ya majiko ya mawimbi, hata mtandao wa nyumba ukazorota wakati chakula kinapashwa moto. Walioibuni Bluetooth waliujua msongamano huo, wakaifanya irukeruke baina ya njia 79 mara 1,600 kwa sekunde, ikikimbia penye makelele. Naustaajabia ubunifu huo kwa dhati; ni ustahamilivu uliotiwa ndani ya mashine.

Mngurumo wa kale unakwisha. Mtindo wa simu uliofuata ule wa GSM, ambao watu huuita 3G, uliacha kugawana zamu, na simu hutuma mfululizo zikitofautishwa kwa misimbo, hivyo hakuna kuwaka na kuzima kwa kuisumbua transista. Vitochi tu, na simu kubwa zinapoporomoka kwenye mtandao wa zamani, ndivyo vinavyoukumbusha bado. Vijana ninaowafundisha wengi wao hawakuwahi kuusikia. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba uharibifu wa sasa hausemi: picha huganda, sauti hukatika, na mtu hana mlio wa kuufuata hadi kwenye chanzo chake, kwa hiyo hubadilisha simu, hubadilisha laini, hulaumu kampuni, na fundi naye hubadilisha bodi nzima bila ya kuuliza. Kazi ya kusikiliza imekuwa ngumu zaidi ilhali wanaoifanya wamepungua, nami nalitilia maanani jambo hili kuliko uhaba wa vifaa tuliokuwa nao zamani.

Hata redio, ambayo bado hunena, inazuiwa kunena. Wazee huniletea redio zao wakisema idhaa zimekufa, masafa ya kati na mafupi yamejaa mvumo kama wa nyuki kutoka mwanzo hadi mwisho, na mara nyingi redio hizo ni nzima kabisa. Chaja na taa za siku hizi huukata umeme makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde ili ziwe ndogo na nyepesi, jambo zuri, ila kukata huko huzaa mawimbi yanayotakiwa kuchujwa kabla hayajatoka kwenye waya, na watengenezaji wa vitu rahisi huona kichujio ni gharama. Ninapoletewa redio kama hiyo huitia betri, nikaenda na mwenyewe nyumbani kwake, nikamwomba azime swichi kuu. Mvumo ukikoma, tunawasha kimoja kimoja mpaka mwenye kosa ajulikane. Usipokoma, tunabisha hodi kwa jirani. Mwaka jana tulibisha kwa mama mmoja aliyetusikiliza kwa upole, akatuzimia taa ya barazani, na sauti ya mtangazaji ikatokea wazi katika redio aliyoishika mzee nje ya ua. Mama akaitoa taa ile, akaweka nyingine, nami nikaiomba nikaenda nayo dukani. Nilipoifungua, mahali palipochorwa kwenye bodi kwa ajili ya koili ya kuchuja palikuwa pamelehemiwa kipande cha waya mtupu.